Deraya ya magamba kwa ngozi ya Vingunguti: jinsi ya kutengeneza nakala ya makumbusho

Ngozi mbichi ya ng'ombe mmoja ina kilo 15 hadi 20, na ukitoka nayo machinjio ya Vingunguti hakuna daladala itakayokupokea. Bodaboda atakupokea kwa nauli ya watu wawili. Iandike gharama hiyo mapema, maana kazi hii inaanzia hapo kwenye ngozi, si kwenye kompyuta kama vijana wengi wanaokuja karakana kwangu Keko wanavyodhani.

Tutakachotengeneza ni nakala ya deraya ya magamba ya Misri ya kale, yaani vazi la kukinga mwili vitani. Waliokulia kanisani wanalijua vazi la namna hii kwa jina la dirii. Mwanaakiolojia Howard Carter alilipata kaburi la farao Tutankhamun mwaka 1922, na katika miaka ya kulitoa vitu alikuta kizibao kisicho na mikono, kilichobana mwili, chenye magamba ya ngozi nene iliyotiwa rangi, yameshonewa juu ya kitani. Kilikuwa kimechakaa kiasi cha kukatiwa tamaa ya kuhifadhiwa. Mimi hukipenda kwa sababu mbili. Kwanza, mtu akisikia deraya anawaza chuma, kumbe ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa vizuri ni ngumu kiasi cha kukataa kisu cha jikoni. Pili, karibu kila kinachohitajika kinapatikana Dar es Salaam.

Magamba ni kama ya samaki. Nenda Feri umtazame pono kabla hajaparuliwa: kila gamba limelalia sehemu ya jirani yake, na mshikio wa kila moja umefichwa chini ya lile la juu. Usichanganye deraya hii na ile ya mabamba yanayofungwa yenyewe kwa yenyewe kwa kamba, bila kitambaa chini. Hiyo ni kazi nyingine na ina mahesabu yake.

Kwanza uliza: ya kutazamwa au ya kushikwa?

Kabla hujagusa futi, mwulize mteja nakala itakaa wapi. Ya kuwekwa nyuma ya kioo inatakiwa kufanana na ya kale hata ndani, kwa kitani halisi, uzi wa kitani na rangi ya udongo. Ya kuvaliwa na watoto wa shule inatakiwa kuvumilia. Niliwahi kuipelekea shule moja deraya ya aina ya kwanza, nimejisifu kwelikweli kwa uzi wangu wa kitani. Wiki ya pili nikapigiwa simu: safu mbili za chini zimeng'olewa, na magamba yanachezewa uwanjani kama vifuniko vya soda. Watoto hawakukosea. Mimi ndiye niliyewapa kitu cha kabatini.

Nakala si kitu cha aibu. Fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959 limesambaa katika majumba ya makumbusho duniani kwa njia ya nakala, na watu wamejifunza mengi kutokana nazo. Aibu ni nakala inayojifanya ya kale, na dawa yake nitaieleza mwishoni.

Vipimo na hesabu

Hapa teknolojia ya leo inasaidia sana, itumie bila haya. Kadi na maelezo ya Carter, pamoja na picha za Harry Burton aliyepiga picha za uchimbaji ule, vimewekwa kwenye intaneti na Griffith Institute ya Oxford. Zikuze picha kwenye skrini, chora muhtasari wa gamba, andika unachokiona na usichokiona. Kama kuna kitu cha kale unachoruhusiwa kukifikia kwa macho, kizungushie simu taratibu, piga picha 60 au 80 zinazopandana, kisha programu ya kuunganisha picha itakupa umbo lake la pande tatu. Weka rula pembeni ya kitu katika kila picha, la sivyo utapata umbo zuri lisilo na kipimo.

Kwa mwili tumia mdoli wa kuvalishia nguo, kama wale wa maduka ya Kariakoo. Chagua mwembamba. Mfunge karatasi ya kaki, ichore, ikate, upate patani ya kizibao: mbele, nyuma, na mabega.

Kisha hesabu. Gamba langu lina upana wa sentimita 2.5 na urefu wa sentimita 4. Likilaliana na jirani yake, upana unaoonekana ni sentimita 1.7. Safu ya juu ikilifunika, urefu unaoonekana ni sentimita 2.3. Mzunguko wa kifua wa sentimita 100 ukiugawa kwa 1.7 unapata magamba 59 kwa safu. Urefu wa kizibao wa sentimita 55 ukiugawa kwa 2.3 unapata safu 24. Zidisha: 1,416. Mashimo ya mikono na shingo yatapunguza kidogo, yatakayopasuka yataongeza. Kata 1,600 na usibishane na namba hiyo.

Magamba 1,600 ni mita ya mraba 1.6 ya ngozi nzuri. Ngozi ya zebu wetu ina kama mita mbili, lakini tumbo, shingo na miguu havifai. Nunua ngozi mbili.

Ngozi

Nunua ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa machinjioni na kukaguliwa na daktari wa mifugo. Usinunue ya mnyama aliyejifia, hata ikiwa bei ya kutupa. Kimeta hukaa kwenye ngozi na manyoya kwa miaka, na mwaka 2008 mtengeneza ngoma wa London alifariki kwa kimeta alichokivuta kutoka kwenye ngozi za kuwambia. Kuparua ngozi kavu bila barakoa ni ujinga, hata ngozi iwe safi namna gani.

Joto la Dar halisubiri. Ikiwa huanzi kazi siku hiyo hiyo, tandaza ngozi upande wa nyama ukiwa juu, imwagie chumvi ya mawe hadi usione nyama, ikunje, iache iteremshe maji. Chumvi ya Bagamoyo inatosha. Siku ya kuanza, ioshe mpaka maji yasiwe na chumvi, uilaze kwenye maji safi usiku mzima, kisha kwangua mafuta na mabaki ya nyama juu ya gogo la mviringo. Kisu kiwe butu. Kisu kikali hutoboa, na tundu dogo la leo ni tundu la kidole ngozi ikishawambwa.

Sasa chokaa. Kwenye pipa la plastiki, kilo moja ya chokaa iliyozimwa kwa kila ndoo ya lita 20 ya maji. Tia chokaa kwenye maji, usitie maji kwenye chokaa. Vaa glavu ndefu na miwani, maana chokaa kikiingia jichoni si mchezo. Wazee walitumia majivu ya kuni kwa kazi hii, nayo yanafanya kazi, ila nguvu yake haitabiriki: majivu ya mkoko si sawa na majivu ya mwembe. Geuza ngozi asubuhi na jioni. Siku ya nne jaribu kusukuma manyoya kwa dole gumba. Yakitoka kama nywele zilizolowa sabuni, toa ngozi uiparue. Yakikataa, ongeza siku moja, kisha nyingine. Zaidi ya wiki moja ngozi inaanza kuwa kama jeli.

Wengi huharibu hatua inayofuata kwa haraka. Chokaa lazima kitoke chote, la sivyo kitafanya ngozi ikatike kama biskuti baada ya mwaka, na kitasumbua rangi pia. Badilisha maji mara tatu kwa siku kwa siku mbili. Kisha lowesha ngozi usiku mmoja kwenye maji ya vuguvugu yaliyotiwa pumba. Pumba zikichacha hutoa asidi hafifu inayokimaliza chokaa kilichobaki ndani. Watu wa viwandani hutumia mbolea ya SA (salfeti ya amonia), nayo ni nzuri, ila inatoa harufu kali ya amonia, fanya nje. Kujua kama umemaliza, kata kipande kwenye ukingo mnene udondoshee juisi ya rosela isiyo na sukari katikati ya mkato. Ikibaki nyekundu, safi. Ikigeuka kijani au bluu, rudi kwenye maji. Jaribio hili nimelifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na rosela iliyobaki nimeinywa.

Maji ya chokaa usiyamwage mtaroni. Chimba shimo mbali na kisima, mwaga humo pamoja na manyoya.

Kuwamba: tengeneza fremu ya mbao za mbili kwa nne, kubwa kuliko ngozi kwa nusu mita kila upande. Toboa ngozi pembezoni, pitisha kamba ya katani, vuta kwa zamu, upande huu kisha wa pili, kama unavyokaza nati za tairi. Methali inasema mwamba ngoma huvutia kwake. Hapa ndipo utakapoielewa, kwa sababu ukivuta upande wako tu, ngozi itakuwa nyembamba huko na nene kule, na magamba yako hayatalingana. Kausha kivulini penye upepo. Jua kali hufunga uso wa ngozi kabla ya ndani kukauka, na ngozi mbichi ikipata joto la nyuzi 60 hivi inajikunja na haikunjuki tena. Kwa sababu hiyo hiyo usiwahi kuilainisha kwa maji ya moto.

Msimu mzuri ni kipupwe, Juni hadi Septemba; siku nne au tano zinatosha. Mwaka niliojifunza kazi hii niliwamba ngozi mbili katikati ya Aprili, mvua za masika zikinyesha kila siku. Siku ya sita mama mwenye nyumba alinigongea alfajiri.

"Mwanangu, umefukia nini humo ndani?"

"Ngozi tu, mama. Ya makumbusho."

"Basi ipeleke huko makumbusho leo."

Zote mbili niliziteketeza. Tangu hapo, masika nafanya kazi za mbao.

Ngozi ikikauka italia kama ngoma ukiigonga. Ipitishie msasa upande wa nyama hadi ubaki unene wa milimita 2, na uweke alama ya penseli: mgongo kwa magamba ya kifuani, ubavu kwa ya nyuma, tumbo usilitumie.

Kalibu

Magamba mengi ya shaba ya zama hizo yana mgongo mdogo katikati, tuta jembamba linaloongeza ugumu. Ngozi nayo inafaidika nalo. Chora gamba kwenye kompyuta, lichape kwa printa ya 3D. Lakini usikandamize ngozi kwenye plastiki moja kwa moja. Plastiki hainywi maji. Gamba linatoka jasho humo ndani na asubuhi unakuta ukungu. Nilichofanya ni kutumia gamba la plastiki kama mama, nikamwagia jipsamu, ile ya mafundi dari, nikapata kalibu 40 kwa siku mbili. Jipsamu inavuta unyevu wa ngozi kama kitambaa. Kila kalibu inahimili labda magamba 30 kabla tuta halijalika.

Kuna fundi wa Mwenge aliyenichongea kalibu kumi za mninga kwa kutazama lile la plastiki tu. Zinafanya kazi vizuri kuliko za jipsamu na bado ninazo. Kama una fedha, anzia huko.

Kukata na kutoboa

Ngozi kavu haikatiki bila kukupotezea mkono. Ifunge kwenye gunia bichi usiku mmoja. Asubuhi inapaswa kupinda kama ndala, lakini ukiibana maji yasitoke. Fundi chuma wa Gerezani akutengenezee kikatio chenye umbo la gamba kutoka kwenye kipande cha springi ya gari, amekichoma na kukizimisha vizuri. Weka ngozi juu ya kipande cha gogo, kikatio juu yake, gonga kwa nyundo ya mbao. Kwa magamba 1,600 bega litalalamika. Jeki ya gari ndani ya fremu ya chuma inafanya kazi hiyo hiyo kwa ukimya na bila chuki ya majirani.

Na leza? Nimeijaribu. Inakata haraka na kwa usahihi, lakini ukingo unaungua ukawa mweusi, harufu ya nywele zilizoungua haitoki, na mtu wa makumbusho akishika kioo cha kukuzia anaona leo, si Misri. Ngozi ya dukani iliyolainishwa kwa kromu usiithubutu kabisa kwenye leza, moshi wake ni sumu. Kanuni yangu ni kwamba mashine ipime na itengeneze kalibu, ila isiguse uso utakaotazamwa.

Toboa matundu manne sehemu ya juu ya gamba, mawili mawili, kwa panchi ya milimita 2, ngozi ikiwa bado na unyevu. Yasikaribie ukingo kwa chini ya milimita 4. Kisha liweke kwenye kalibu, libane kwa mbao na uzito, usiku mzima. Likitoka ni gumu na lina mlio kama wa kipande cha kifuu. Yale yaliyopinda usiyatupe, yalainishe tena mara moja. Mara ya pili yakikataa, yahesabu kwenye yale 184 ya ziada, yaani 1,600 ukitoa 1,416.

Kitambaa na mshono

Kitani halisi Dar ni cha kutafuta, na ukikipata ni ghali. Kwa nakala ya kabatini kitafute. Kwa nakala ya watoto, marekani inatosha, ile pamba isiyopaushwa ambayo babu zetu waliipa jina la nchi ilikotoka. Chochote ulichopata, kifue kwa maji ya moto mara mbili kabla ya kukata ili wanga utoke na kirudi kinaporudi. Weka tabaka mbili, bitana ndani, shona mabega na ubavu mmoja, ubavu wa pili uache wazi wa kufunga kwa kamba.

Uzi upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili. Kwa ile ya kushikwa tumia uzi wa nailoni wa fundi viatu, sitakulaumu. Sindano ni shazia, na msharasi uwe karibu kwa ajili ya kitambaa kinachokataa.

Anza chini. Kama huelewi kwa nini, mtazame mtu anayeezeka makuti: anaanzia ukingoni, anapanda, kila safu inafunika kamba za iliyotangulia. Ukianzia juu utalazimika kuinua kila gamba ulishone chini yake, na utaacha kazi siku ya tatu. Chora mistari ya penseli kila sentimita 2.3 kwenye kitambaa. Weka gamba la kwanza ubavuni, la pili lilalie theluthi moja ya la kwanza, matundu yao yaoanishwe, uzi upite katika yote mawili na kurudi. Mshono uwe wa kurudia, ili uzi ukikatika sehemu moja lisianguke zaidi ya gamba moja au mawili. Magamba yote yalalie upande mmoja. Chagua, kulia au kushoto, na usisahau baada ya chakula cha mchana. Mimi nimewahi kusahau, na safu nzima ya 11 nikaifumua.

Nikiwa na utulivu nashona magamba 25 kwa saa. Hiyo ni saa 57 za kushona tu, ukiacha kwapani, ambako magamba lazima yapunguzwe moja moja kwa mkasi wa bati hadi mkono wa mdoli upite. Kila baada ya safu tano, mvalishe mdoli utazame. Kizibao kilicholala mezani hudanganya.

Rangi

Kwa kifupi. Ngeu ya maseremala iliyosagwa laini, ichanganye na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa kwenye maji, paka kwa tabaka nyembamba, ukijaribu kwanza kwenye magamba ya ziada. Masizi ya taa yanatoa nyeusi. Vanishi hapana. Vanishi inaifanya ing'ae kama mkono wa kochi la Keko, na kwenye hewa ya pwani inabaki na unata. Kizibao kilichokamilika, kwenye mizani yangu, hukaribia kilo 4.

Kabla hakijatoka karakana

Wadudu wa ngozi wanaipenda kazi hii kuliko mteja. Kifunge kizibao kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Rafiki mwenye friza ya samaki anafaa, mradi mfuko haupitishi harufu. Ukikitoa, usifungue mfuko hadi kesho yake, la sivyo unyevu wa Dar utatua juu ya ngozi baridi na kazi yote ya kukausha itarudi nyuma. Mwambie mteja aweke kabatini vifuko vya silika na aviangalie zaidi masika, kwa sababu ngozi hii haikutiwa dawa ya kuilainisha. Ikinywa unyevu inalegea na magamba yanaanza kufunguka kama kurasa.

Sasa ile dawa ya aibu. Kwenye bitana andika kwa wino usiofutika: NAKALA, mwaka, Dar es Salaam, na jina lako. Kisha gamba moja la kwapani lichome alama yako kwa chuma cha moto, ili hata bitana ikibadilishwa siku moja, ukweli ubaki. Ambatanisha karatasi inayosema kipi kimefanywa kwa mkono, kipi kwa mashine, kitambaa gani, uzi gani, na wapi ulibahatisha.

Na kwenye boksi la kizibao cha watoto, tia mfuko wenye magamba 40, shazia mbili na kibonge cha nta, na mchoro wa mshono. Yatang'olewa. Afadhali mwalimu ayarudishe mwenyewe Ijumaa jioni kuliko kukupigia simu.